Namba kwenye kipande cha bomu: muuzaji wa droni za kivita anafikiwa kwa njia gani?

Mwalimu wa Bweyale

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Bweyale, wilayani Kiryandongo, na jioni huwafundisha watu wazima waliokimbilia Uganda kutoka Sudan tangu vita vilipozuka huko Aprili 2023. Wiki iliyopita mmoja wao, ambaye kwao El Fasher alikuwa fundi wa majokofu, alibaki darasani wenzake walipoondoka, akanionyesha picha katika simu yake. Ilikuwa picha ya kipande cha chuma kilichopinda, urefu wake kama shubiri moja, kimelazwa juu ya mkeka, na pembeni yake amekiwekea kiberiti ili ukubwa wake ujulikane. Juu ya chuma hicho palikuwa na herufi mbili na safu ya tarakimu, baadhi zimeliwa na moto. Alisema alikiokota uani kwa dada yake asubuhi baada ya shambulio la musayyara, kwani ndivyo wanavyoziita ndege za kivita zisizo na rubani. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: “Mwalimu, namba hii inamfikia nani?”

Sote tumesikia habari za msikiti wa El Fasher uliopigwa na droni wakati wa sala ya alfajiri mwezi Septemba 2025, watu zaidi ya 70 wakafa, na kabla ya hapo, mwezi Mei, tulisikia droni zikiishambulia Port Sudan siku kadhaa mfululizo. Silaha hizi hazikuota ardhini huko Darfur. Zilitengenezwa kiwandani, zikauzwa, zikasafirishwa kwa hati zenye saini na mhuri. Naomba wanaoijua biashara hii wanieleze: ni nani hasa wanaouza, kuna sheria gani inayowabana, na je, namba kama ile ina thamani yoyote? Nimeahidi kumpelekea mwanafunzi wangu jibu, na sipendi kumpelekea maneno ya kumtuliza tu.

Afande Mstaafu, Jinja

Mwalimu, mpe pole mwanafunzi wako. Nililitumikia jeshi miaka mingi, ikiwemo kule Somalia, na nitajibu ile sehemu ninayoijua, yaani chombo chenyewe na soko lake. Habari za sheria nawaachia wenye fani yao.

Kwanza tutenganishe ndege na bomu, kwa sababu huenda namba uliyoonyeshwa si ya ndege. Zipo droni za kujilipua, kama Shahed-136 ya Iran, ambayo Urusi ilianza kuitumia Ukraine mwaka 2022 na sasa inaitengeneza yenyewe huko Tatarstan. Hizo hufa pamoja na shabaha yake na kuacha vipande vya injini na mabawa. Lakini zile droni kubwa zinazouzwa kwa majeshi hufanya kazi kwa namna nyingine: hupaa, hukaa angani saa nyingi, huangusha bomu, kisha hurudi kutua salama. Kinachobaki uani kwa dada wa watu ni mkia wa bomu, na humo ndimo namba huandikwa.

Chukua mfano wa Bayraktar TB2 ya Uturuki, kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi barani kwetu. Mabawa yake yana upana wa mita 12, inaendeshwa na injini ndogo ya pistoni ya aina ile inayowekwa kwenye vindege vya michezo, na inaweza kukaa angani hadi saa 27. Chini ya tumbo lake imening’inia kamera ya duara inayozunguka kila upande, na ndani ya kamera hiyo kuna mwale wa leza. Mwendeshaji ameketi ndani ya kontena lililofungwa kwenye lori, umbali wa kilomita nyingi, akitazama kioo; akishaushikilia mwale juu ya shabaha, bomu la MAM-L lenye uzito wa kilo 22, yaani halifiki hata nusu ya mfuko wa saruji, huufuata mwale huo hadi chini. Kwa hiyo jicho ndilo silaha yenyewe. Kamera ikiharibika, ndege hiyo haina tofauti na tiara.

Sasa, mnunuzi anaponunua, hanunui ndege moja kama mtu anunuavyo bodaboda. Mfumo kamili wa TB2 kwa kawaida una ndege sita, vituo viwili vya kuongozea, minara ya mawasiliano, na mafunzo ya waendeshaji na mafundi. Baada ya hapo mnunuzi hurudi kwa muuzaji kila mwaka kutafuta vipuri, kusasisha programu, na zaidi ya yote kununua mabomu mengine, maana ndege hudumu ilhali bomu hutumika mara moja tu. Hapa naomba usomaji wa makini: muuzaji wa droni hauzi na kuondoka. Anabaki ndani ya vita vya mnunuzi kwa muda wote ambao mnunuzi anavipigana, na kila shehena ya mabomu ni uamuzi mpya anaoufanya akijua lile la mwisho liliangukia wapi.

Kuhusu wauzaji, Marekani ndio waliotangulia kuzitumia kivita, tangu 2001, lakini kwa miaka mingi walizibania: Uingereza ilipata Reaper, droni yao kubwa, mwaka 2007, Italia ikaruhusiwa kuzifunga silaha mwaka 2015, wengine wengi wakaambiwa wasubiri. Jordan na Umoja wa Falme za Kiarabu waliomba wakanyimwa, wakaenda China. Wachina walikuwa na CH-4 na Wing Loong, bei yake sehemu ndogo tu ya bei ya Reaper, na hawakuuliza maswali mengi. Iraq, Saudi Arabia, Misri na Nigeria nao wakapiga foleni. Ubora haukuwaridhisha wote. Mwaka 2019 Jordan ilizitangaza CH-4 zake kuwa zinauzwa. Ndipo Uturuki ikaingia na chombo kilichokwisha kuonekana kikifanya kazi Libya, kisha katika vita vya Azerbaijan na Armenia huko Nagorno-Karabakh mwaka 2020, kwa bei inayotajwa kuwa takriban dola milioni 5 kwa ndege, ambapo Reaper moja hukaribia milioni 30. Mwaka 2023 kampuni ya Baykar peke yake iliuza nje bidhaa za dola bilioni 1.8. Barani Afrika utazikuta Morocco, Ethiopia, Togo, Niger, Mali, Burkina Faso, Djibouti na Somalia.

Dola milioni 5 ni nyingi kwangu na kwako, lakini kwa hazina ya serikali, hata iliyo maskini, ni fedha inayopatikana. Hilo ndilo lililobadilisha mambo, kuliko ufundi wowote.

Wakili, Ntinda

Shukrani Afande. Mimi ni wakili, na nitaingia kwenye sheria moja kwa moja, kwa kuwa swali la mwanafunzi ni la kisheria hata kama yeye hakuliita hivyo.

Utaratibu unaotajwa sana ni ule wa kudhibiti teknolojia ya makombora, ulioanzishwa mwaka 1987 na mataifa saba tajiri, ambao leo una wanachama 35. Uliwekwa ili kuzuia vyombo vinavyoweza kubeba bomu la nyuklia, na droni zikaingizwa humo kwa sababu tu nazo huruka bila mtu. Mpaka wake mkali uko kwenye chombo kinachobeba kilo 500 na kwenda kilomita 300: chochote kinachofikia hapo, nchi mwanachama inatakiwa kwa kawaida ikatae kukiuza. Tazama basi kilichotokea. Reaper hubeba karibu kilo 1,700, kwa hiyo ikanasa. TB2 hubeba kilo 150. Wing Loong II hubeba kilo 480, chini kidogo tu ya mstari, na China hata si mwanachama. Yaani sheria iliyotungwa kwa hofu ya nyuklia ilizizuia zile ndege kubwa na ghali, ikaziacha zile ambazo zingewafikia watu wa Darfur na wa Tigray kule Ethiopia. Mwezi Julai 2020 Marekani nayo, ikiona soko linaiponyoka, ikatangaza kwamba kwa tafsiri yake droni zinazokwenda chini ya kilomita 800 kwa saa hazitahesabiwa tena katika kundi lile kali, na Reaper haifiki hata kilomita 500.

Lilikuwepo pia tamko la pamoja la Oktoba 2016 kuhusu uuzaji na matumizi ya droni zenye silaha, lililoungwa mkono na nchi zaidi ya 40. Lilikuwa ukurasa mmoja au miwili wa kanuni njema zisizomfunga mtu, na China, Urusi na Israeli hazikulitia mkono. Daftari la Umoja wa Mataifa la silaha za kawaida lina kifungu cha droni za kivita, lakini taarifa hutolewa kwa hiari. Sitakaa hapo.

Palipo na uzito wa kweli ni Mkataba wa Biashara ya Silaha, ulioanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014. Huo unamtaka muuzaji apime kabla ya kuuza kama silaha ile inaweza kutumika kuvunja sheria za vita, na unamtaka azuie silaha isichepushwe kwenda kwa asiyekusudiwa. China ilijiunga mwaka 2020. Sasa Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako jambo hili: mwezi Mei 2025 shirika la Amnesty International lilichapisha uchunguzi uliotokana na picha za vipande kama kile alichokiokota. Kwa kusoma alama na umbo la mabaki walitambua bomu la kuongozwa la aina ya GB50A, la kampuni ya Norinco ya China, lililoangushwa na droni huko Darfur Kaskazini, na wakahitimisha kwamba lilipitia Falme za Kiarabu kwa kuuzwa upya. Falme za Kiarabu zimekanusha kuvipa silaha vikosi vya RSF, vile vinavyopigana na jeshi la Sudan. Hata hivyo hoja imeshikamana na ushahidi wa kugusika, na kilichoishikamanisha ni namba. Bila namba, serikali husema “bomu hilo si letu” na mazungumzo yakaishia hapo.

Kuhusu mahakama sitakudanganya. Sudan iliishtaki Umoja wa Falme za Kiarabu mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwezi Mei 2025 shauri likaondolewa kwa kuwa mahakama haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza. Falme zilipojiunga na mkataba dhidi ya mauaji ya kimbari zilikikataa tangu mwanzo kile kifungu kinachoiruhusu mahakama hiyo. Na vikwazo vya silaha vya Baraza la Usalama, vilivyoanza mwaka 2004, vinahusu Darfur tu, havihusu Sudan nzima, jambo ambalo kila msafirishaji analijua.

Njia iliyowahi kufanya kazi ni nyingine, na inaungana na aliyoyasema Afande kuhusu jicho. Zile kamera za TB2 zilikuwa zikitoka Kanada. Mabaki yalipookotwa Nagorno-Karabakh yakiwa na kamera hizo, Kanada ilisimamisha leseni mwezi Oktoba 2020, na Aprili 2021 ikafuta leseni 29 kabisa, kwa sababu kamera zilitumika mahali ambapo cheti cha mtumiaji wa mwisho, yaani hati ya mnunuzi inayosema nani atakitumia kifaa na wapi, hakikutaja. Sidai kwamba hilo liliizuia Uturuki. Ilitengeneza kamera yake ya nyumbani ikaendelea. Ila ilithibitika kwamba nchi inaweza kukifuata kifaa chake hadi kwenye mabaki na kufunga mlango.

Mfanyabiashara wa Mpondwe

Nimewasoma kwa heshima, ila mnazungumza kama kwamba anayenunua droni daima ni muuaji. Mimi naishi mpakani na Congo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, karibu kabisa na duka langu, wakawaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wengine wakiwa wamefungiwa bwenini na kuchomwa moto. Niliwaona wazazi asubuhi ile. Mmoja alikuwa amebeba shuka aliyoileta kumfunika mwanawe, na hapakuwa na wa kumfunika. Laiti usiku ule kungekuwa na jicho angani juu ya msitu, nani angethubutu kulilaumu?

Ng’ambo ya pili nako, serikali ya Kinshasa ilinunua CH-4 za Kichina mwaka 2023 kwa sababu waasi wa M23 walikuwa wakiteka mji baada ya mji, na Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma nao ukapigwa kwa droni, Congo ikailaumu Rwanda. Mataifa makubwa yana ndege hizi kwa mamia, halafu sisi tukitaka tano tunasomewa haki za binadamu. Wakili, hizo sheria zako zitawalinda nani wa Mpondwe?

Afande Mstaafu, Jinja

Ndugu wa Mpondwe, uliyoyaona hakuna wa kuyapinga, na mimi nikiwa kazini ningelitamani jicho hilo kuliko ulivyolitamani wewe. Lakini rudi kwenye sentensi yako: ulilolililia ni jicho. Droni ya upelelezi isiyo na bomu huuzwa pia, ni rahisi zaidi, na haina vizuizi vingi. Kwa usiku kama ule wa Lhubiriha, ambapo tatizo lilikuwa kutowaona wauaji mapema na askari kutofika kwa wakati, ingetosha. Bomu chini ya bawa ni uamuzi wa pili, na unadai vitu ambavyo haviuzwi pamoja na ndege: habari za kuaminika kutoka ardhini, afisa mwenye ujasiri wa kusema “usipige”, na mtu wa kuulizwa siku ya pili.

Vitu hivyo vikikosekana, angalia matokeo. Nigeria ina jeshi kubwa na lenye uzoefu, na tarehe 3 Desemba 2023 droni yake ikapiga kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna, watu wakiwa kwenye Maulidi, wakafa wasiopungua 85. Jeshi lenyewe likakiri kwamba lilidhani ni wapiganaji. Ethiopia, Januari 2022, shambulio la angani liliipiga shule ya Dedebit iliyokuwa imewahifadhi wakimbizi wa ndani, wakafa zaidi ya 50, na vipande vilivyookotwa vilikuwa vya bomu lile lile la kilo 22 nililolieleza juu. Nimewahi kukaa mbele ya kioo cha namna hiyo, kwa droni isiyo na silaha. Kutoka juu, watu waliokusanyika kwa mazishi na watu waliokusanyika kwa vita ni vidoa vya aina moja, vyeupe juu ya kijivu, na unapokuwa umechoka saa nane za usiku unaona unachotarajia kukiona.

Sipingi nchi maskini kujilinda. Napinga muuzaji kujifanya haoni, hali kila shehena anayoongeza anaiongeza baada ya habari za Dedebit kumfikia.

Mfanyabiashara wa Mpondwe

Afande, nimekuelewa kuhusu jicho na bomu, na nakubali kwamba nilivichanganya. Ila bado nashikilia kwamba anayenyimwa na mmoja ataenda kwa mwingine. Jordan ilikwenda China, kama ulivyosema mwenyewe.

Mwalimu wa Bweyale

Nawashukuru nyote. Nimeyachapa majibu haya nikayasoma pamoja na mwanafunzi wangu, aya kwa aya, kwa Kiswahili chake cha miezi minne na Kiarabu changu kibovu. Ana swali moja ambalo naliongeza kwa niaba yake, nami nalitaka pia: hapa Uganda tulipo, ikiwa serikali itaamua kununua chombo kama hiki, mwananchi atajuaje?

Wakili, Ntinda

Mwalimu, kwa utaratibu wa sasa atajua akisikia mlio wake. Fedha za ununuzi wa namna hiyo huwekwa kwenye fungu la matumizi ya siri, ambalo Bunge huliona kwa jumla na wabunge wachache tu ndio huonyeshwa undani wake. Tunakumbuka mwaka 2011, ndege sita za Sukhoi na silaha nyingine: dola takriban milioni 740 zilitolewa Benki Kuu kwanza, idhini ya Bunge ikafuata baadaye. Tunakumbuka pia helikopta za Mi-24 za kutoka Belarus, zilizolipiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufika zikiwa hazifai kuruka, hadi tume ya Jaji Julia Sebutinde, ambaye leo ni jaji wa ile ile Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ilipoundwa kuchunguza. Katika mambo hayo mawili taifa lilijadili baada ya fedha kuondoka.

Mimi ningependa Kamati ya Bunge ya Ulinzi iulize maswali matatu kabla ya saini, na hakuna hata moja linalofichua siri ya kivita: cheti cha mtumiaji wa mwisho kinasema nini, nani ana mamlaka ya kuamuru bomu liangushwe, na likiua raia kimakosa nani atachunguza na kulipa. Ndugu wa Mpondwe anasema anayenyimwa huenda kwa mwingine, na historia iko upande wake. Lakini maswali haya yanamkabili mnunuzi, na mnunuzi hana dirisha jingine la kuyakimbilia.

Kuhusu ile picha, naomba mwanafunzi wako asiihariri wala asiipitishe kwenye mitandao inayopunguza ukubwa wa picha, kwa sababu tarehe na mahali ilipopigwa huhifadhiwa ndani ya faili lenyewe na hupotea njiani. Aandike pembeni, kwa mkono wake, siku, saa, mtaa, na majina ya waliokuwepo, kisha karatasi hiyo aihifadhi mbali na simu.

Mwalimu wa Bweyale

Ameandika leo jioni, kurasa mbili za daftari, kwa Kiarabu, na chini yake tafsiri ya Kiswahili tuliyoitunga pamoja. Ile namba ameinakili tarakimu kwa tarakimu, na pale ambapo moto ulikula ameweka nukta, moja kwa kila tarakimu isiyosomeka. Alinisahihisha mara moja tu: mimi niliandika nukta mbili, yeye akarudi kwenye picha, akaikuza, akahesabu upya, akasema ni tatu.